Romeo na Juliet: tazama barua imepotelea wapi

Swali limetoka kwa mwalimu kijana anayeongoza kikundi cha maigizo Lindi mjini:

“Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu kinataka kuigiza Romeo na Juliet, ila iwe ya kwetu, si ya Italia. Tumeangalia filamu ya 1968, ile ya bastola ya 1996, na ya Kihindi ya Ram-Leela. Kila moja inaisha kivyake. Kwenye moja Juliet anamkuta mwenzake ameshakufa, kwenye nyingine anaamka Romeo bado hajakata roho, na kwa Wahindi sumu haipo kabisa. Vijana wamegawanyika, kila mmoja na yake. Ipi ndiyo yenyewe? Na sisi tufuate ipi?”

Marahaba, mwanangu. Tuanze na ugomvi wa vijana wako, maana huo ni mwepesi. Ukishika maandishi ya Shakespeare, kisa cha wapenzi wa familia mbili hasimu za Verona, Italia, Romeo anafika usiku kaburini alimolazwa Juliet kwa dawa ya usingizi, akidhani amekufa, anapigana na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi wa Juliet, na kumwua, anakunywa sumu, anakufa. Padri Laurence anaingia amechelewa. Juliet anazinduka, padri anasikia watu wanakuja, anatimua mbio, na binti anajichoma kwa jambia la mumewe. Mle kaburini wapenzi hao hawasemezani hata neno moja. Kwa hilo filamu ya 1968 ya Franco Zeffirelli ndiyo iliyo karibu na kitabu, ingawa Paris kaburini hayumo kabisa.

Lakini wanaompenda Juliet anayewahi kuamka wasione haya, wana wakubwa wao. Mwaka 1679 Thomas Otway aliuhamishia mkasa huu Roma ya kale, akamfanya binti azinduke kabla kijana hajakata roho. Mwaka 1748 David Garrick, aliyekuwa ndiye mfalme wa jukwaa la London, aliwaandikia wapenzi mazungumzo ya kuagana humo humo kaburini, na watu wakayapenda. Yaliendelea kuigizwa hivyo mpaka 1845, Mmarekani Charlotte Cushman alipoyarudisha maneno ya Shakespeare. Na huyo Cushman, kwa taarifa yako, ndiye aliyecheza Romeo, mdogo wake Susan akawa Juliet. Kwa hiyo Baz Luhrmann mwaka 1996, alipomwonyesha Juliet akimgusa Romeo shavuni huku sumu imeshapita kooni, alikuwa anarudi kwenye njia iliyokwisha kanyagwa zamani. Tofauti ni kwamba Garrick aliwapa maneno mengi, Luhrmann akawapa macho tu na sekunde chache. Kwangu Luhrmann amemshinda Garrick kwa mbali. Mtu anayekufa kwa sumu hana muda wa kutoa hotuba.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Ninapotaka kuujua mchezo wowote uliotokana na Romeo na Juliet, kaburi naliacha kwanza. Natazama ile barua. Unakumbuka: padri anampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, halafu anatuma barua Mantua, mji alikokwenda Romeo baada ya kufukuzwa Verona, kumweleza kwamba mkewe hajafa. Barua haifiki. Habari ya kifo inafika. Mkasa wote umekaa kwenye nafasi hiyo ndogo kati ya habari mbili, na kila anayeutengeneza upya hana budi kuamua ni nini kiliizuia barua. Akishaamua, ameshakwambia anaamini nani aliwaua wale watoto.

Kwa Shakespeare ni tauni. Padri John aliyebeba barua alimpitia mwenzake aliyekuwa akihudumia wagonjwa, wakaguzi wa mji wakashuku nyumba ile ina tauni, wakaipiga mlango muhuri na wao ndani. Barua haikutoka hata Verona. Siku hizi msomaji hupita hapo haraka, anaona kama mwandishi alikosa sababu nzuri. Watazamaji wa kwanza hawakupita haraka. Mchezo uliandikwa karibu na 1595, na London ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye tauni iliyofunga kumbi za maigizo kwa vipindi virefu kati ya 1592 na 1594. Wale watu walijua maana ya mlango kufungwa kwa nje.

Zeffirelli aliiondoa tauni. Kwake Padri John anakwenda taratibu na punda wake, na Balthasar, mtumishi wa Romeo aliyeona mazishi kwa macho yake, anampita njiani kwa farasi. Basi. Hakuna neno linalosemwa, na mtazamaji ameelewa kila kitu. Ni sinema safi sana hiyo, mrudie muitazame tena. Aliyewaua ni mwendo tu: mmoja mbio, mmoja polepole. Inaendana na filamu nzima, maana Zeffirelli alichukua waigizaji wabichi kabisa, Leonard Whiting na Olivia Hussey, wote chini ya miaka 20, na kila kitu humo kinakwenda kwa pumzi ya ujana. Hata kifo cha Mercutio, rafiki wa Romeo. Marafiki wanacheka wakidhani anatania, na anatania kweli huku damu inamtoka. Nyie Lindi mnamjua mtu huyo: ni mtani, anayeweza kufanya mzaha hata msibani na asigombezwe. Mpeni mtani nafasi hiyo, msimtafute kwingine.

Luhrmann naye aliupeleka mkasa kwenye jiji la kubuni la ufukweni, akapiga picha Mexico, bastola zikapewa majina ya panga na majambia ili maneno ya Shakespeare yaendelee kuwa na maana. Barua yake inapelekwa na kampuni ya usafirishaji wa vifurushi. Msambazaji anafika kwenye trela anamoishi Romeo jangwani, hamkuti, anaacha kikaratasi, anaondoka. Nani wa kulaumiwa hapo? Utaratibu wa kazi. Kila mtu amefanya wajibu wake na mtu amekufa. Kwa dunia ile ya televisheni na helikopta, jibu hilo limekaa sawa.

Ram-Leela ya Sanjay Leela Bhansali, ya 2013, vijana wako wameiona haina sumu wakadhani haina barua pia. Inayo. Koo mbili zinazouza bunduki zimekaribia kumalizana, wapenzi wanaona njia ya amani ni wao kufa, wanapigana risasi. Wakati huo huo huko nje mama wa binti ameshabadilika moyo na ameamuru amani. Habari ndiyo iliyochelewa, safari hii habari njema. Mimi filamu hiyo inanichosha kwa rangi na nyimbo, lakini fundo hilo la mwisho amelifunga vizuri.

Kuna baleti ya Prokofiev, mtunzi wa muziki Mrusi, ambayo sitakaa nayo sana, kwani hamtaicheza. Ila ina kioja: alipoitunga mwaka 1935 aliipa mwisho wa furaha, Juliet anazinduka na Romeo yu hai, kwa hoja kwamba walio hai hucheza, wanaokufa hawachezi. Baadaye akaurudisha msiba, na ndivyo ilivyoonyeshwa Brno 1938 na Leningrad 1940. Kisha akaja Kenneth MacMillan, mtunzi wa dansi za baleti, London mwaka 1965, akamwonyesha Romeo akicheza na mwili wa Juliet uliolegea, akiuinua na unamdondoka. Ile hoja ikafa siku hiyo.

Niliyotaka ufike kwake ni West Side Story, ambayo kwenye orodha yako haimo. Ilipanda jukwaani New York mwaka 1957, muziki wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ya Stephen Sondheim, hadithi ikiandikwa na Arthur Laurents, chini ya uongozi wa Jerome Robbins. Ikawa filamu 1961, na tena 2021 kwa mkono wa Steven Spielberg. Familia mbili zimekuwa magenge mawili ya vijana wa mtaani, Wapuertoriko na wazungu. Laurents alikutana na tatizo hilo hilo mtakalokutana nalo nyie: msichana wa mtaa wa New York hana kaburi la ukoo la kulazwa wazi, na hakuna padri mwenye dawa za kulaza watu. Akaitupa dawa yote. Maria, ambaye ndiye Juliet wa humo, hanywi kitu wala halali popote. Anamtuma Anita, mpenzi wa marehemu kaka yake, apeleke ujumbe kwa Tony, Romeo wake, kwamba amsubiri. Anita anafika, vijana wa genge la pili wanamzingira, wanamtukana, wanamshambulia mpaka wanakaribia kumbaka. Anatoka pale na hasira, badala ya ujumbe anawatupia uongo: mwambieni Maria ameshauawa. Tony anasikia, anatoka barabarani akiomba naye auawe, na anauawa. Maria anabaki hai, bastola mkononi, akiwauliza waliobaki imebakia risasi ngapi kwa ajili yao.

Unaona alichofanya? Kwa Shakespeare barua ilizuiwa na ugonjwa, kitu kisicho na kosa la mtu. Kwa Laurents ujumbe ulifika mlangoni kabisa, chuki ikaugeuza palepale. Hakuna bahati mbaya humo. Kwa hoja ya kuzifanya familia zibebe lawama, West Side Story imekwenda mbali kuliko Shakespeare mwenyewe, na mimi husema hivyo hata mbele ya wanaokasirika. (Anita ni uhusika wa ajabu: Rita Moreno alipata Oscar kwa uhusika huo filamu ya 1961, na Ariana DeBose akapata kwa uhusika huo huo filamu ya 2021.)

Sasa tuje Lindi.

Umesema mnataka iwe ya kwenu. Basi jambo la kwanza ni kwamba dawa ya kulala haiwezekani, na afadhali mjue leo kuliko siku ya onyesho. Lindi maiti halazwi kwenye chumba cha mawe akasubiri saa 42. Binti akionekana amekufa asubuhi, wanawake watamwosha, na waoshaji wana mikono yenye uzoefu, watasikia joto. Wasiposikia, atavikwa sanda, ataswaliwa na kuzikwa ardhini kabla jua halijazama. Atakufa kweli. Mkiwaletea watazamaji wa Lindi kaburi la Verona watacheka, na watakuwa na haki. Fuateni njia ya Laurents: kifo kiwe cha maneno.

La pili ni simu. Mkiweka mkasa leo, mtu wa mstari wa mbele atauliza kwa sauti, “Si ampigie?” Mnaweza kumnyang'anya binti simu, lakini ana marafiki kumi wenye simu. Rudini nyuma. Nawashauri miaka ya 1980, wakati daraja la Mkapa halijajengwa. Daraja hilo lilifunguliwa 2003. Kabla yake aliyetaka kwenda Dar es Salaam kutoka kusini alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika basi lingeweza kukwama kwenye tope siku kadhaa, abiria wakipika kando ya barabara. Waulizeni wazazi wenu. Hiyo ndiyo tauni yenu: mlango uliofungwa kwa nje na hakuna wa kumlaumu.

Basi kijana, baada ya ugomvi wa familia, wazee wamemwondoa mjini, yuko kwa mjomba wake Ikwiriri, ng'ambo ya mto. Binti amebaki Lindi, baba anamwoza mtu mwingine wiki hiyo. Halafu bibi mzaa baba anafariki. Kwa msiba huo harusi inaahirishwa, na kwa binti, Mungu amsamehe, ni nafuu. Anaandika barua: bibi ametutoka, harusi haipo mpaka baada ya arobaini, subiri, usije bado. Anampa kondakta wa basi.

Na wakati basi limelala kwenye tope, familia imepeleka tangazo la kifo Radio Tanzania. Wote mnajua matangazo yale yalivyosikilizwa nchi nzima, mtu anaacha tonge mkononi. Sasa tazama jina. Bibi anaitwa Zuhura binti Saidi. Mwanawe alimpa jina la baba yake, Saidi. Saidi naye alipozaa binti akampa jina la mama yake. Mjukuu ni Zuhura binti Saidi, sawasawa na bibi, herufi kwa herufi. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosea. Familia zetu zimejaa majina hayo, kila mtazamaji ana mmoja nyumbani kwake. Kijana anasikia: Zuhura binti Saidi wa Lindi amefariki, mazishi yamefanyika. Anatoka usiku ule ule. Kivuko kimesimama kwa mafuriko, anachukua mtumbwi.

Hapo nakwambia waziwazi: sumu msitumie, wala kisu. Ukumbini watakuwamo watoto wa shule, na kijana anayejiua kwa mapenzi huwa anapendeza mno jukwaani. Mto unatosha. Rufiji ikiwa imejaa usiku haihitaji msaada wa mtu yeyote, na kinachomwua Romeo wenu kinabaki kilekile cha Shakespeare, haraka. Mtumbwi unapinduka, na wanaomvuta majini ni abiria wa basi lililokwama ukingo wa kusini. Kondakta yumo, na barua imo kwenye mfuko wa shati lake.

Zuhura anabaki hai kama Maria. Anachowaambia wazee wa familia mbili nitawaachia nyie mtunge, ila kiwe kifupi.

Kama kikundi kinataka lawama iwe ya chuki badala ya bahati, badilisheni kitu kimoja tu: kaka wa binti ndiye aliyepeleka tangazo redioni, na kwa makusudi akaacha neno “bibi”. Mchezo utakuwa mwingine kabisa. Amueni mapema, kabla ya kugawana wahusika, na msijaribu kuwa na vyote viwili. Mimi ningechagua jina la bibi. Linauma zaidi kwa sababu limetokana na upendo.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Yaya wa Juliet msimfanye mfanyakazi wa ndani anayechekesha, kama filamu nyingi zinavyofanya. Kusini mna kungwi. Mwanamke aliyemfunda binti unyagoni, anayeweza kumwambia ya chumbani ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka, halafu siku ya shida anamgeuka na kumwambia amsahau yule, aolewe na huyu: hakuna yaya wa Italia atakayeumiza ukumbi kama huyo. Siri za unyago zenyewe msizitoe jukwaani. Na karamu wanapokutana iwe ngoma ya harusi. Msije mkaleta mapiko, vinyago vya ngoma vya Wamakonde, kwa sababu tu Romeo huvaa kinyago kwenye kitabu. Lipiko lina mambo yake ya jando na wenye nalo, kulifanya pambo la wapenzi kutawatia matatani na wazee, na wazee watakuwa sahihi.

Umri: Juliet wa kitabu hajatimiza 14. Wenu apite 18, na hilo lisijadiliwe. Filamu ya 1936 msihangaike nayo, ni ya fahari sana lakini Leslie Howard alikuwa ameshapita miaka 40 na inaonekana. Usiku msiulilie taa: Shakespeare aliigiziwa mchana kweupe, giza likatengenezwa kwa maneno na mienge, nanyi mkianza alasiri uwanjani mnaweza kufanya vivyo hivyo. Mto uwe vitenge viwili vya buluu vinavyotikiswa na watu wanne, na ngoma chini chini. Basi liwe mabenchi mawili.

Ila barua ionekane. Kondakta aipokee mbele ya watu, aitie mfukoni mbele ya watu, na kila anapoinama kusukuma basi ichungulie mfukoni, watazamaji waione. Kazi hiyo mpeni mwigizaji wenu bora kuliko wote, hata kama ndiye anayegombea kuwa Romeo.